Kabla Hujapiga Picha Pangoni, Acha Kamera Nyumbani

Haipiti wiki sijaulizwa swali lile lile: "Bro, kule mapangoni unatumia kamera gani?" Hakuna anayeuliza niliingiaje. Hakuna anayeuliza nilimwomba nani ruhusa, ama kule ndani kuna nini cha kukuumiza. Ni kamera tu. Kamera gani, lenzi gani, doo ngapi.

Sawa, leo nawajibu wote mara moja. Kamera yangu ni ya mtumba, nilinunua Mombasa, lenzi ina mkwaruzo pembeni ambao nimeuzoea kama kovu langu mwenyewe. Na nusu ya picha mnazozipenda kwenye ukurasa wangu nilizipiga kwa simu iliyowekwa juu ya jiwe. Kwa hivyo kamera si shida. Shida ni kwamba tunaingia pangoni kama tunaingia studio, na mimi ndiye wa kwanza kukosea. Msimamo wangu ndio huu, na najua kuna watakaokasirika: kama unaanza, mara ya kwanza nenda bila kamera.

Ngoja nieleze.

Mimi ni mtoto wa Msambweni. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma na mimi nikagoma. Nikarudi nyumbani na simu, chaja, na mama ambaye hakuniuliza kitu kwa wiki nzima, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuulizwa. Nikaanza kupiga picha Diani kama kila mtu. Mchanga mweupe, ngamia ufuoni, jua likichomoza baharini. Manze, bahari ya Diani imepigwa picha mpaka imechoka. Kila nikiposti naona wengine hamsini wameposti ile ile.

Siku moja mjomba akaniambia, "Nyinyi vijana mnaangalia maji tu. Mwamba mnaoukanyaga hamuujui."

Na ni kweli. Sisi watu wa pwani ya kusini tunatembea juu ya bahari ya kale. Huu mwamba wetu wenye makali unaokata miguu ni matumbawe yaliyokufa, kutoka enzi ambazo bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Maji ya mvua yameutafuna taratibu mpaka ukatoboka. Ndiyo maana Diani kuna mkahawa mzima, Ali Barbour's, uliojengwa ndani ya pango la matumbawe. Ndiyo maana Fikirini kuna yale mapango yanayoitwa Three Sisters, makao ya popo wengi. Ndiyo maana Shimoni inaitwa Shimoni. Ukimulika ukuta wa pango kwa karibu unaona matumbawe na magamba ya chaza yamekaa pale pale yalipofia. Mimi sikuwahi kuambiwa haya shuleni.

Basi nikapanda matatu Msambweni, nikapita Ramisi, nikashuka Kanana, nikadandia boda mpaka Shimoni. Na huko ndiko nilikochoma.

Wasiojua: Shimoni kuna pango la watumwa. Wazee wa pale wanasimulia kwamba watu waliotekwa bara walifungiwa mle ndani wakisubiri majahazi ya kuwapeleka Zanzibar, kwenye soko ambalo lilifungwa 1873. Ukutani bado kuna pete za chuma. Jamii ya pale ndiyo inayolisimamia, unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukutembeza, na pesa zinasaidia mambo ya kijiji.

Mimi siku hiyo sikusikiliza hata robo ya maelezo. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa anaanza kuuza fulana zenye chapa yake, na tulikubaliana nimpigie picha "zenye giza giza". Mwongozaji alipotangulia mbele kidogo, rafiki yangu akasimama chini ya pete ya chuma, akainua mikono kama amefungwa, akatoa ulimi. Nikawasha taa. Paa. Picha kali, wallahi. Mwanga ulikaa vizuri, fulana inaonekana, pete inaonekana. Nikaiposti usiku ule, asubuhi nikaamka na laiki nyingi kuliko nilizowahi kupata maishani.

Siku ya tatu simu ikalia. Ni yule mzee aliyetutembeza, namba nilikuwa nimempa mwenyewe. Nikaamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikadhani anataka kunipongeza. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, yule mwenzako alikuwa anacheka nini?"

Sikuwa na jibu. Hakunitukana, hakuniambia nifute. Aliuliza, akangoja, akasema "haya, usiku mwema", akakata. Nilifuta ile picha kabla simu haijapoa mkononi. Rafiki yangu alinuna mwezi mzima.

Nimeifikiria sana ile simu, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Juu ya ardhi, jua ndilo linaloamua nini kionekane. Picha ikiharibika unaweza kulilaumu. Pangoni hakuna jua la kulaumu. Kila kinachoonekana kwenye picha yako ni wewe umekimulika, na kila kilichobaki gizani ni wewe umekiacha gizani. Mimi nilimulika fulana. Pete ikawa pambo. Hakuna aliyenilazimisha.

Kwa hivyo, ukiniuliza jinsi ya kuanza, hii ndiyo njia yangu. Safari tatu, si moja.

Safari ya kwanza, bila kamera. Nenda na mwenyeji, lipa kinachopaswa kulipwa, sikiliza. Mkifika ndani mwombe mzime tochi zote kwa dakika tano. Utaanza kusikia: tone la maji, popo wanajigeuza, pumzi yako mwenyewe. Utajua pango linaelekea wapi kwa upepo unaokupiga usoni. Ukitoka hapo unajua unataka kupiga picha ya nini, badala ya kuingia na kumulika kila kitu kama askari anayetafuta mwizi.

Safari ya pili, tochi na simu tu. Cheza na mwanga. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapokwama.

Flashi ya simu izime na uisahau. Ikiwaka inatoka pale pale ilipo lenzi, kwa hivyo inafuta vivuli vyote na ukuta unakuwa bapa kama karatasi. Chukua tochi, isogeze ubavuni, mulika ukuta kwa kuulaza mwanga. Ghafla kila gamba na kila shimo linapata kivuli chake. Ni ukuta ule ule, lakini sasa una uhai. Na kumbuka hesabu hii ndogo: ukirudisha tochi nyuma mara mbili ya umbali, mwanga unaofika ukutani unabaki robo, haubaki nusu. Ndiyo maana tochi yako inaonekana kali sana karibu na haifiki kokote mbali. Usinunue tochi kubwa zaidi. Sogea.

Mwanga ukiwa mkali mno, funika tochi na kitambaa cheupe. Changu ni kipande cha kanzu kuukuu ya mjomba. Kinafanya kazi fiti.

Halafu hili la mipira myeupe. Kila nikifundisha mtu, ananiletea picha yenye viduara vyeupe vinavyoelea, na komenti chini zimejaa "hao ni majini". Ndugu zangu, lile ni vumbi na matone ya unyevu yaliyo karibu na lenzi, yamepigwa na flashi. Pumzi yako tu inatosha kuyaleta. Shusha pumzi pembeni, zima flashi, toa taa ubavuni, "majini" yote yanahama. Sisemi mapangoni hakuna kitu. Nasema kile si chenyewe.

Safari ya tatu, sasa njoo na kamera, au simu yenye modi ya Pro. Unahitaji kitu cha kuishikilia isitikisike. Tripodi ni nzuri, jiwe na leso iliyokunjwa pia ni sawa. ISO iweke chini, 100 mpaka 400, maana ukiipandisha giza linajaa chembechembe. Acha lenzi wazi kwa sekunde 10, 20, hata 30. Weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, usije ukaitikisa kwa kidole. Mwombe mwenzako amulike kile unachotaka kionekane, rekebisha fokasi kwa mkono, kisha muanze. Lenzi ikiwa wazi, tembea na tochi pembeni ukiupaka ukuta mwanga kama fundi anayepaka chokaa, bila kusimama mahali pamoja na bila kuigeuza tochi kuelekea kamera. Picha ya kwanza itakuwa mbovu. Ya kumi pia. Ya kumi na tano utapiga kelele, na popo watakuchukia.

Ukilalamika kwamba sekunde 30 ni nyingi, mkumbuke Mfaransa mmoja aliyeitwa Nadar. Miaka ya 1860 alishuka chini ya jiji la Paris kwenye mahandaki ya mifupa ya wafu, akiwa na taa za umeme wa betri. Picha moja ilimchukua mpaka dakika 18. Hakuna binadamu anayeweza kusimama tuli dakika 18, kwa hivyo alitumia masanamu yaliyovishwa nguo za wafanyakazi. Wewe unashindwa kusimama tuli hata nusu dakika?

Kidokezo cha mwisho cha ufundi: hewa ya pangoni ina unyevu, na kifaa kilichotoka kwenye kiyoyozi kitapata ukungu kwenye lenzi papo hapo. Mpe dakika ishirini azoee. Usifute futefute.

Sasa usalama, na hapa sitanii.

Usiende peke yako. Kuwa na mtu nje anayejua umeingia wapi na utatoka saa ngapi, maana mle ndani hakuna mtandao. Kila mtu awe na tochi tatu: ya kichwani, ya mkononi, na ya akiba mfukoni. Simu haihesabiwi, maana simu ndiyo unayopigia picha na ndiyo itakayozima kwanza. Vaa viatu vilivyofunga. Matumbawe hayana huruma. Na kama pango liko karibu na bahari, waulize wavuvi kuhusu maji kabla hujaingia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapanda kuliko kawaida na yanaweza kufika mahali ulipopita mkavu. Programu ya simu inaweza kukudanganya. Mvuvi aliyezaliwa pale hakudanganyi.

Popo. Usimguse, usimfukuze, usimmulike machoni ili akupe picha ya mabawa. Kule Mlima Elgon, kwenye pango la Kitum, watu wawili walioingia kwa nyakati tofauti, 1980 na 1987, waliugua homa ya Marburg na wote wawili wakafariki. Baadaye wanasayansi wakagundua virusi hivyo vinaishi ndani ya aina ya popo wala matunda wanaokaa mapangoni. Mavi ya popo yakikauka pia yana kuvu linaloweza kukuharibu mapafu. Sikutishi, nimeingia mara nyingi na niko hapa naandika. Nasema vaa barakoa, usikae chini kwenye mavi, usile mle ndani, nawa mikono ukitoka. Na kama popo wana watoto, toka. Wakishtuka watoto wanaanguka. Hao popo ndio wanaochavusha maua ya mibuyu usiku wakati wewe umelala. Unapenda mabuyu? Basi mheshimu popo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniletea vita mtandaoni: siweki lokesheni.

Zamani niliweka. Kulikuwa na kipango kidogo, jina silitaji, ambapo kina mama wazima wa kijiji cha karibu walikuwa wakienda kuomba. Niliona vitambaa, chupa ya marashi ya waridi, majivu ya ubani. Nikapiga picha nzuri, nikaweka pini. Baada ya miezi miwili nikarudi. Ukutani mtu ameandika jina lake kwa mkaa, na la mpenzi wake, na moyo katikati. Chupa za soda. Moshi wa mishumaa umepanda mpaka darini. Vitambaa havikuwepo. Nilimkuta mama mmoja njiani amebeba kuni, nikamuuliza kama bado wanakwenda. Akasema, "Twende wapi, mwanangu? Pale sasa pana wenyewe."

Wenyewe. Alimaanisha nyinyi. Alimaanisha mimi.

Najua mtaniambia, "Unatufungia mlango. Wewe umeingia, umepata wafuasi, sasa unataka kuwa mlinzi." Hoja hiyo ina ukweli na sitaikwepa. Ni kweli nimefaidika. Ni kweli pia kwamba watalii wanapelekwa kila mahali na sisi wenyeji tunaulizwa "unaenda wapi?" hadi kwenye ufuo wetu. Hilo linaniuma kama linavyokuuma.

Lakini kuna tofauti ya mlango uliofungwa na mlango wenye mwenyewe. Nenda Kaya Kinondo, hapo hapo Diani, moja ya makaya ya Mijikenda yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kabla hujaingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unamfuata mwongozaji, na hutoki na hata jani. Wageni wanatoka ng'ambo wanaifuata hiyo sheria bila kununa. Mlango uko wazi. Unapitia kwa watu. Shimoni vile vile: lipa, ingia, piga picha. Sina haja ya kuficha Shimoni. Ninachokataa ni pini inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye pango la watu bila kupita kwa mtu yeyote.

Na si mambo ya wazee peke yake. Kule Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, watafiti wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walifukua mifupa ya mtoto wa miaka kama miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Walitangaza 2021. Ni kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Walimwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Kichwa chake kilikuwa kimelazwa kana kwamba kiliwekewa mto, na mwili ulikuwa umeviringishwa. Mtu fulani alimlaza vizuri. Sasa fikiria kama kabla ya wao kufika, msee kama mimi angeingia na kuchimba kidogo tu ili tripodi ikae sawa. Sakafu ya pango usiichimbe, usihamishe kitu ili picha ipendeze. Hujui unakanyaga nini, na wala mimi sijui.

Ndiyo maana nasema acha kamera nyumbani kwanza. Ufundi utaujua kwa wiki mbili, nimeuandika wote hapo juu bure. Kinachochukua muda ni kujua unamulika nini na kwa ajili ya nani.

Nilirudi Shimoni. Ilinichukua karibu mwaka kupata ujasiri. Nilienda peke yangu na mzee yule yule, nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akasema yaliyopita yamepita, lakini leo utasikiliza. Nikasikiliza saa nzima, kamera ikiwa begini. Kisha nikamwomba ruhusa nipige ile pete. Akanishikia tochi mwenyewe, ikiwa imefunikwa kanzu ya mjomba, kutoka ubavuni. Sekunde 20, ISO 200. Kwenye ile picha hakuna mtu. Kuna ukuta wa matumbawe, pete, na chini ya pete jiwe limelainika kuliko mawe mengine yote yaliyo karibu. Mara ya kwanza sikuliona. Lilikuwa gizani, kwa sababu nililiacha gizani.

Hiyo picha ilipata laiki chache sana, hata theluthi ya ile niliyofuta haikufika. Niliichapisha Ukunda kwenye karatasi, nikampelekea mzee. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akaingia nayo ndani kwake bila kusema kitu. Mama naye anayo moja, ameibandika juu ya friji, na tangu siku hiyo ameacha kuniuliza nitarudi chuo lini. Ananiuliza nitaenda pango gani.

Kazi ya wikendi hii kwa yeyote anayeuliza "kamera gani": tafuta mwenyeji, lipa kiingilio, ingia mikono mitupu, zimeni tochi dakika tano. Halafu niandikie umesikia nini. Atakayenitajia lenzi simjibu.